Msaada: kisoma skrini kinasoma fomu yote ila vitufe havinisikii

sikio_kali
Wakuu habarini. Mimi sioni, natumia kisoma skrini cha NVDA kwenye laptopu ya Windows na brauza ni Chrome. Kusoma habari na barua pepe nipo vizuri tu, shida inaanza nikikutana na kurasa zenye mambo mengi ya kubonyeza. Sasa hivi kuna fomu ya maombi najaza (tovuti siitaji), kuna visehemu nikiandika herufi haziingii, naruka tu huku na huku, mara kichwa cha habari mara kitufe, sijui hata nimepelekwa wapi. Halafu kuna pa kuchagua kiwango cha elimu, nikigusa mshale mara moja tu inachukua cha kwanza na ukurasa unabadilika kabla sijasikia vingine. Tarehe ya kuzaliwa inafungua kalenda na hapo ndo nimekwama kabisa. Mwisho kuna neno Tuma, nikipita na mishale linasomwa ila nikipiga Tab linarukwa kama halipo. Tatizo ni mimi, ni NVDA au ni ukurasa wenyewe?

kaka_mdadisi
Si umwite tu mtu anayeona akujazie yaishe, dakika mbili mbona

Bint_Kibodi
@kaka_mdadisi na pasiwedi ampe, na namba ya kitambulisho, na mshahara anaoomba ausome? Acha hizo bana, mtu kauliza jinsi ya kufanya mwenyewe.

mzee_wa_mishale
sikio_kali karibu sana kijana wangu. Hapo una matatizo manne tofauti, mawili ni ya kujifunza tu na mengine ni ya huyo aliyetengeneza ukurasa.

Tuanze na hilo la kuruka ruka maana ndo mzizi. NVDA kwenye ukurasa wa wavuti ina hali mbili. Kuna modi ya kuvinjari, humo herufi ni njia za mkato: H inakupeleka kwenye vichwa, B kwenye vitufe, E kwenye visanduku vya kuandikia, X kwenye vya kutia tiki, C kwenye menyu za kuchagua, F kwenye kitu chochote cha fomu. Halafu kuna modi ya fokasi, humo kila unachobonyeza kinakwenda kwa hicho kitu chenyewe. Wewe unaandika huku bado uko kwenye kuvinjari, ndo maana jina lenye H linakurusha kwenye vichwa. Ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, NVDA inabadilisha modi yenyewe, ila ukifika kwa mishale haibadilishi mpaka upige Enter. Sikiliza mlio, zipo sauti mbili tofauti za kuingia na kutoka, ukizizoea hutajiuliza tena uko wapi. Kutoka ni Escape.

Ila angalia hapa: ukibadilisha kwa mkono, yaani kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert, au Caps Lock kama umeiweka hivyo) pamoja na Space, inabaki kwenye fokasi hadi uitoe kwa njia hiyo hiyo, Escape haitakusaidia. Wengi wanadhani laptopu imeganda kumbe ni hilo tu.

Hiyo ya elimu usianze na mshale wa chini peke yake. Piga Alt na mshale wa chini, orodha ifunguke kwanza, halafu ndo utembee humo na mishale, ukifika unapotaka Enter. Ikiwa imefungwa, kila mshale ni uchaguzi tayari, na kuna kurasa zimewekwa zihame mara tu ukichagua.

sikio_kali
Mzee shikamoo, na asante sana. Hiyo ya Alt na mshale imekubali hapa hapa!! Mlio nilikuwa nausikia siku zote nikadhani ni mapambo. Bado kalenda na Tuma

mzee_wa_mishale
Marahaba. Kalenda kwanza jaribu kuikwepa, mara nyingi kile kisanduku cha tarehe kinakubali kuandikwa, sikiliza kama kinasema mpangilio inaoutaka, siku kwanza au mwezi kwanza. Kama ni ile ya Chrome yenyewe utasikia sehemu tatu, siku, mwezi, mwaka, andika tarakimu tu. Kama inakulazimisha uingie kwenye jedwali la siku basi hakikisha uko kwenye fokasi, mishale inakutembeza siku kwa siku, Page Up na Page Down zinabadilisha mwezi, ukiongezea Shift zinabadilisha mwaka. Hiyo ni kama aliyeitengeneza kafuata utaratibu unaopendekezwa, wengi hawafuati, na mtu aliyezaliwa zamani kama mimi narudi nyuma mwezi mmoja mmoja mpaka vidole vinaota sugu.

Bint_Kibodi
Naongezea kwa mzee. Cha kuzoea ni kusikiliza NVDA inakiitaje kitu, sio jina lake tu. Ikisema ni kisanduku cha tiki basi ni Space, Enter hapo usitegemee. Ikisema redio batani, Tab inakuingiza kwenye kundi mara moja tu, kuchagua ni kwa mishale, ukipiga Tab tena umeshatoka kundini, na watu wengi hapo wanadhani kuna chaguo moja peke yake. Ikisema vichupo, mshale wa kulia na kushoto. Ikisema kitelezi, mishale, na Home na End zinakupeleka mwanzo na mwisho. Na vile visanduku vinavyoleta mapendekezo ukiandika, usipige Tab ukaondoka, shuka na mshale mpaka usikie pendekezo lako halafu Enter, la sivyo maandishi yanaonekana yapo lakini fomu inakataa.

Sasa Tuma yako inasemaje baada ya jina? Inasema kitufe? Inasema haipatikani? Au haisemi kitu?

sikio_kali
Inasema Tuma halafu neno la kwamba inabofyeka. Neno kitufe halipo.

fundi_kurasa
Hapo naomba niingie maana ni kazi yangu, natengeneza kurasa. Hicho sio kitufe mkuu. Ni tagi ya div, yaani kisanduku kitupu cha kodi kisicho na kazi maalum, imepakwa rangi ifanane na kitufe na kuwekewa kijiprogramu kinachosubiri kliki ya mausi. Kwa anayeona ni kitufe, kwa kibodi hakuna kitu, ndo maana Tab inakiruka na herufi B haitakipata. NVDA imesema kinabofyeka kwa sababu imeona kuna kitu kinasubiri kliki, zaidi ya hapo haijui.

Na inaniuma kwa sababu angetumia tagi ya button, fokasi, Enter na Space vyote vinakuja bure. Ukishang'ang'ania div inabidi uweke role ya button (ili kitangazwe kama kitufe), uweke tabindex 0 (ili Tab ikifikie) na uandike mwenyewe kodi ya kusikiliza Enter na Space, na wengi wanaweka role halafu wanaishia hapo, kikawa kitufe kinachojitangaza na hakifanyi kazi, mbaya kuliko mwanzo. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, umelisema hili wazi, kipengele 4.1.2 kinataka kila kidhibiti kitoe jina lake, aina yake na hali yake, na 2.1.1 kinataka kila kitu kifanyike kwa kibodi. Vyote viwili ni ngazi A, yaani ya chini kabisa, sio anasa.

mzee_wa_mishale
Wakati tunamsubiri huyo mwenye tovuti ajirekebishe, fanya hivi. Uwe kwenye modi ya kuvinjari, piga NVDA na Control na F, andika Tuma, Enter, itakupeleka pale. Piga Enter tena, mara nyingi NVDA inabofya kwa niaba yako. Ikikataa, peleka mausi pale kwa kibodi: mpangilio wa laptopu ni NVDA na Shift na M, halafu NVDA na mabano mraba ya kufungua ndo kliki ya kushoto. Kama unatumia mpangilio wa desktopu ni NVDA na alama ya mkwaju ya pedi ya namba, halafu mkwaju peke yake.

sikio_kali
Enter imekubali! Ila fomu haijaenda. Kimya. Hakuna kilichosemwa, ukurasa uko vile vile

Bint_Kibodi
Kuna kosa limeandikwa kwa rangi nyekundu mahali fulani na hawajakuambia. Rudi juu, pita na F kisanduku kimoja kimoja, sikiliza panaposema ni lazima au kilichoandikwa si sahihi. Na tafuta na X ile tiki ya kukubali masharti, wanapenda kuificha mwishoni.

fundi_kurasa
Dada kagusa penyewe. Ujumbe wa kosa ukitokea bila ukurasa kubadilika inatakiwa uwekwe kwenye eneo ambalo kisoma skrini kinalitangaza chenyewe, aria-live au role ya alert. Hiyo ni 4.1.3, iliingia kwenye WCAG 2.1 mwaka 2018.

sikio_kali
Ilikuwa ni tiki ya masharti wakuu. Imeenda, nimesikia namba ya maombi kabisa. Nawaandikia hao wenye tovuti, niseme nini wanielewe?

fundi_kurasa
Usiwaambie tu tovuti yenu haifanyi kazi kwa wasioona, watakujibu wanalishughulikia na ndo mwisho. Waambie kitufe cha Tuma hakifikiki kwa Tab na hakitangazwi kama kitufe, na ujumbe wa kosa hautangazwi. Taja NVDA na Chrome pamoja na matoleo yake. Kwenye menyu ya NVDA sehemu ya zana kuna kionyeshi cha usemi, kinaandika kwenye dirisha kila kinachosemwa, kopi maneno yake uwapestie. Na waambie waweke mausi pembeni wajaribu kujaza fomu yao kwa kibodi tu, NVDA yenyewe ni ya bure wakitaka kuisikia.

Kama kurasa zao ni za Kiswahili waombe pia waandike lang="sw" kwenye tagi ya html. Bila hiyo sauti ya Kiingereza ndo inasoma Kiswahili, na ile huwa ni adhabu.

Chausiku_simu
Samahani nadandia uzi, mimi niko kwenye simu na TalkBack, kisoma skrini cha Android, nikikuta kitelezi cha kuchagua kiasi nagusa mara mbili hakuna kinachotokea. Huku nako ni modi?

Bint_Kibodi
Huku hakuna modi hizo dada. Weka fokasi kwenye kitelezi halafu tumia vitufe vya sauti pembeni ya simu, kitapanda na kushuka. Kikigoma, angalia kama pembeni yake kuna kisanduku cha kuandika namba, kurasa nyingi huwa zinakiweka.

Chausiku_simu
Kimepanda 😂 asante