Tupeane uzoefu: asasi ya mtaani inavyokuza biashara ndogo kupitia vikundi vya hisa

Wadau, wenye kazi ya vikundi vya hisa mjini, yaani watu wanaoweka akiba kwa kununua hisa kisha wakakopeshana, wekeni mbinu hapa: hatua, viwango, na sababu za vikundi kufa.

Mwezeshaji, Morogoro
Asasi isianze kwa kutoa pesa. Ianze na watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, maana wao ndio wanaomjua mlipaji na mkwepaji. Utaratibu huu wa vikundi ulianzishwa na shirika la misaada la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na fedha zote zilikuwa za wanachama. Mwezeshaji ahudhurie kila kikao kwa miezi mitatu, kisha apunguze kidogokidogo. Asishike fedha wala kuandika daftari kwa niaba yao. Akiandika yeye, siku akiondoka hesabu zinaondoka naye.

Mweka hazina wa kikundi, Tanga
Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio viongozi, nyumba tofauti. Sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Fedha ihesabiwe mbele ya wote na isiguswe nje ya kikao.

Hisa ikiwa shilingi 2,000, mtu anunue moja hadi tano kwa wiki. Wanachama 25 wakinunua wastani wa hisa tatu, wiki inaingiza 150,000, na baada ya wiki nne mna 600,000 ya kukopeshana. Kikomo ni mara tatu ya akiba: mwenye 40,000 hapati zaidi ya 120,000. Kikomo hicho kisilegezwe kwa yeyote, hata mwenye duka kubwa. Mmoja akibeba nusu ya sanduku na biashara ikayumba, wenzake wote wanakosa mtaji. Mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa uwe na mkoba na hesabu yake peke yake.

Mkufunzi wa biashara
Kabla ya mkopo wa kwanza, kila mmoja akokotoe gharama. Wauza chapati huandika unga na mafuta, wakasahau mkaa, maji, nauli ya sokoni na ujira wao. Bei inaonekana ina faida kumbe mtaji unaliwa. Fedha ya biashara na ya nyumbani zikae pochi mbili.

Afisa wa asasi
Kikundi kisajiliwe halmashauri, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, lakini ningesisitiza sana: iombwe baada ya kuvunja mzunguko mmoja, yaani kugawana akiba na faida yote ya sanduku. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hakina akiba, kwa hiyo mtu akishapata fungu lake hana cha kumrudisha kikaoni.

Mweka hazina, Tanga (tena)
Kuhusu kuvunja: simamisheni mikopo mipya miezi miwili kabla. Marejesho yote yakiingia, gawanyeni jumla kwa idadi ya hisa. Sanduku lina 8,400,000, hisa ni 3,500: kila hisa inalipa 2,400. Anayedaiwa akatwe hapohapo. Panga mgao uangukie Desemba, kabla ya ada za Januari, kisha siku hiyohiyo wanaobaki wanunue hisa za mzunguko mpya.