Bekapu inayokaa imechomekwa kwenye seva muda wote ni kinga kweli?

Wakuu habari zenu. Niko IT kwenye ofisi ya kliaringi hapa Dar, kompyuta 40 na seva moja. Bekapu tunayo, eksteno (diski ya nje) imechomekwa kwenye seva usiku na mchana inakopi yenyewe. Nimemwomba bosi tununue ya pili iwe inakaa kabatini, anasema antivairasi tunalipia na sisi wadogo nani atulenge. Nimwambieje aelewe?

Fundi Kebo:
Mpe ya Maersk mkuu, ile kampuni ya meli, hao anawajua, makontena yao si mnayatoa bandarini kila siku. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya, vairasi ya kompyuta, ilirushwa kuipiga Ukraine, ikapitia apdeti ya M.E.Doc, programu ya kodi ambayo kampuni nyingi za kule zinatumia, na Maersk nao walikuwa nayo huko. Ikaingia hapo, ikazoa paswedi kwenye memori ya mashine moja ikaingilia nyingine, mpaka ofisi za dunia nzima zikazimika. Walifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Na hakuna aliyewalenga wao! Februari 2018 Marekani na Uingereza zilitamka wazi kwamba ni jeshi la Urusi.

Mzee wa Seva:
Umeruka penyewe hasa. Zile seva zao zinazotunza watumiaji na ruhusa zilikuwa kama 150, kila moja bekapu ya mwenzake, zote zinaongea muda wote, kwa hiyo zikafa pamoja. Ikapona moja tu Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikatika ikawa haipo mtandaoni!! Ikabidi diski ibebwe na watu kwa ndege mpaka Uingereza. Eksteno yako inayochomekwa saa zote haina tofauti na zile zilizokufa.

Chalinze:
Lakini hao wa NotPetya si walikuwa wanadai bitcoin za dola 300? Unalipa yanaisha.

Mzee wa Seva:
Hapana ndugu yangu, hata ukilipa faili hazirudi, ilitengenezwa kuharibu, hayo ya hela geresha tu. Halafu paswedi ya admin isiwe moja kwa mashine zote, maana hata zilizokuwa na apdeti za Microsoft za Machi mwaka ule, za kuziba tundu ilimopenyea, ziliingiliwa kwa paswedi zilizoibwa. Na wewe mkuu, umewahi kujaribu kurudisha faili kutoka kwenye hiyo bekapu?

Muuliza swali:
Nimejaribu sasa hivi folda ya mwezi uliopita, nusu ya faili hazifunguki. Kesho asubuhi naingia nayo kwa bosi.