Mafundi, acheni kutupa thamostati za watu! Injini ikizidi joto, pimeni kwanza

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, injini aina ya 5L. Kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa mjini. Siku zote mshale wa joto hukaa chini kidogo ya nusu, hata ikiwa na mzigo. Karibuni ukaanza kupita nusu nikiwa mlima Kitonga, gia ya pili, nyuma ya malori. Haichemshi, maji hayapungui, moshi mweupe hakuna. Nikimaliza mlima na kuanza kukimbia, mshale unarudi mahali pake.

Nikampa fundi maelezo hayo yote. Hakuuliza hata swali moja. Akafungua, akang'oa thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, akaitupa: "Hizi ni za nchi za baridi, bosi." Hakuniomba ruhusa! Akachukua hela yake.

Nilipopanda Kitonga tena, mshale ukapanda vilevile. Namrudia, ananiambia gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imeungua, tushushe hedi ikachongwe. Kwa ushahidi gani? Oili haijawa kama chai ya maziwa. Rejeta haitoi mapovu injini ikiunguruma. Hozi hazijawa ngumu asubuhi gari ikiwa baridi. Anataka kufungua injini nzima kwa kubahatisha, na gharama yote iwe juu yangu.

Thamostati si pambo. Iliyoandikwa 82 huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82, ili injini ipate joto lake upesi na ibaki hapo. Ukiitoa, asubuhi ya baridi ya Iringa injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta na kulika ndani. Na kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayoziba ile njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini, ukiitoa maji mengine yanazunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta. Yaani unaweza kuongeza joto! Kama unaishuku, ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

Na mfuniko wa rejeta nao mnauchezea. Iringa tuko juu, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke mpaka yapite 110. Halafu mtu anakufungia mfuniko wowote aliouokota gereji, spring imelegea, anakwambia twende. (Na tafadhali msiufungue injini ikiwa ya moto, watu wanaungua nyuso.)

Dalili zangu zilikuwa zinaongea wazi. Joto linapanda gari ikienda polepole na mzigo, linashuka ikipata upepo wa mwendo. Hapo unaanza na feni, maana gari ikienda polepole ndiyo inayovuta upepo kwenye rejeta. Joto lingekuwa linapanda kwenye tambarare nikiwa spidi 80, ningekubali tuchunguze rejeta iliyoziba kutu kwa maji ya kisima.

Basi nikaangalia mwenyewe. Nilizima injini ikiwa ya moto, nikaisukuma feni kwa kidole: ikazunguka yenyewe, laini kabisa, wakati klachi ya feni (ile inayoiunganisha feni na injini) ikiwa nzima hushika inapopata moto. Katikati ya klachi kuna mstari wa mafuta uliogandiana na vumbi. Yale mafuta ya silikoni ya ndani yamevuja, ndiyo maana haishiki. Nimefunga klachi nyingine, nimepanda Kitonga na mzigo ule ule, mshale haujapita nusu.

Hedi haijaguswa. Hapakuwa na gasketi yoyote iliyoungua.

Sasa nadai thamostati yangu irudishwe, mpya, yenye namba ile ile na mpira wake, pamoja na hela ya ufundi niliyolipa. Fundi anasema hiyo "ni hasara ya kawaida". Kawaida ya nani? Walioshushiwa hedi zao bila kupimwa, andikeni hapa ilikuwaje na mlilipa kiasi gani. Na kama kuna fundi Iringa anayepima kabla ya kushika spana, mtajeni, nampelekea gari wiki hii.