Fangasi ya kucha na ujauzito: vidonge, dawa ya kupaka au kusubiri?

Nalongo_Jinja: Mama wa wiki 14, kucha ya kidole gumba cha mguu imekuwa nene na ya manjano, haiumi. Duka la dawa limempa chaguo tatu: vidonge vya flukonazoli, amorolfini 5% ya kupaka kama rangi ya kucha, au krimu ya klotrimazoli. Ipi inafaa?

Mfamasia_Ntinda: Vidonge viache kabisa. Flukonazoli ya 400–800 mg kwa siku, ikimezwa muda mrefu miezi mitatu ya kwanza, imehusishwa na kasoro za uso na mifupa ya mtoto. Dozi ya kucha ni ndogo zaidi, lakini humezwa kwa miezi, na kucha isiyouma inaweza kungoja. Itrakonazoli na griseofulvini pia hapana. Terbinafini, 250 mg kila siku kwa wiki 12, iahirishwe. Na baada ya kujifungua muulize daktari kwanza, maana inaingia kwenye maziwa.

Mkunga_Mbale: Amorolfini huingia kidogo sana kwenye damu, ila wajawazito waliochunguzwa ni wachache. Tena hesabu miezi: hupakwa mara 1 au 2 kwa wiki, kwa miezi 9 hadi 12. Mama huyu amebakiza kama miezi 6, atajifungua kucha haijapona. Kuna haraka gani?

Klotrimazoli 1% haipenyi kucha nene, lakini kati ya vidole ndiko fangasi inakojificha na kurudi. Kama ngozi inachubuka au kuwasha hapo, apake mara 2 kwa siku hadi wiki 4, miguu ikiwa imekauka. Hiyo ni salama kwa mjamzito.

Maabara_Gulu: Je, imepimwa? Karibu nusu ya kucha mbovu si fangasi. Kiatu kinachobana au soriasi (ugonjwa wa ngozi) huleta sura ileile. Sampuli ikwanguliwe chini ya kucha, mpakani na sehemu yenye afya, si nchani. Aliyekwisha kupaka dawa anaweza kupata majibu ya uongo.

Nalongo_Jinja: Na Jik je? Aidini?

Mfamasia_Ntinda: Jik huunguza ngozi, dada. Aidini ya kupaka kila siku inaweza kusumbua tezi ya shingo ya mtoto tumboni. Kucha ilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, ikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni, isuguliwe kwa tupa yake peke yake. Tumbo likikua, mtu mwingine amkatie. Gambuti zianikwe juani.

Mkunga_Mbale: Kidole kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa usaha, aende kliniki siku hiyohiyo, hasa mwenye kisukari.