Kompyuta ya 486 ya baba imevuja betri, na ndani kuna kazi yake yote: natoaje mafaili?

MwlLushoto

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua kompyuta za zamani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu huku Lushoto. Miaka ya tisini alikuwa anakusanya maneno na methali za Kisambaa, anaziandika kwa WordPerfect 5.1 (programu ya kuandikia ya DOS) kwenye 486 aliyoachiwa na Mjerumani mmoja wa mradi alipomaliza mkataba. Mashine imekaa stoo miaka mingi, imefunikwa kanga. Sasa mzee anaitaka kazi yake. Nikienda kumsalimia, kabla sijakaa ameshauliza.

Nimefungua kava. Pembeni ya tundu la kibodi kuna betri ndogo ya bluu yenye umbo la pipa, imelehemiwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na imetoa uchafu wa kijani mpaka kwenye chipu za jirani. Sijaiwasha. Diski ngumu ni ya megabaiti 120, pini 40. Nimenunua waya wa kuunganisha IDE (tundu hilo la diski za zamani) na USB. Diski inazunguka, naisikia, ila kwenye mpakato haitokei. Zipo na flopi za inchi 3.5, baadhi utepe wake una madoa meupe. Diski ndiyo imekufa?

KijanaWaJuzi

Dada, hiyo peleka kwa wa vyuma chakavu, mzee mnunulie simu janja 😂

FundiMakorora

Huyo hapo juu mwache apite. Mwalimu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Na umefanya vizuri sana kutoiwasha.

Diski inayozunguka bila kugonga-gonga hatujaizika bado. Mimi namshuku huo waya. Adapta hizi za USB huongea na diski kwa LBA tu, yaani sekta zinahesabiwa moja kwa moja kuanzia sifuri. Diski nyingi za mwanzo wa miaka ya tisini hazina LBA. Zinataka kutajiwa silinda, kichwa na sekta, na adapta haina habari na mambo hayo. Kwa hiyo usiende dukani kununua nyingine ya bei zaidi, itakuwa yale yale.

Tafuta kompyuta ya Pentium 4 (P4) ya mtumba, yoyote yenye tundu la IDE kwenye mazabodi. Zimejaa kwenye stoo za maofisi, watu wanaziwekea vyungu vya maua. Hiyo inaongea na diski yako moja kwa moja. Ichomeke peke yake kwenye waya wake, jampa (kile kibanio kidogo cha pini nyuma ya diski) iwe ya masta, yaani diski kuu, kwa sababu diski nyingi za enzi zile hazielewani na diski ya kampuni nyingine wakiwa waya mmoja. Washa kwa CD ya Linux ya biti 32. Windows isiiguse kabisa hiyo diski, ina tabia ya kuandika vitu vyake bila kuomba ruhusa. Kisha tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, unakili diski nzima kuwa faili moja. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inachota kwanza sehemu nzima, halafu ndiyo inarudi kuhangaika na zilizoharibika. Megabaiti 120 ni kitu gani? Zinaingia kwenye flashi yoyote. Ile nakala utaifungua kwa 7-Zip, na mafaili ya WordPerfect LibreOffice inayasoma.

Kitu kimoja uangalie: ukikuta faili moja kubwa ajabu linaitwa DBLSPACE.000 au DRVSPACE.000, usilifute! Maana yake diski ilibanwa kwa programu ya DOS 6, na kila kitu cha mzee kimo humo.

Mpaka hapo 486 yenyewe hujaigusa, na ndivyo ninavyotaka. Watu wengi wanaanza kufufua mashine, wanawasha na kuzima mara ishirini, diski ikiwa ndani inaumia nao. Mafaili kwanza.

Betri hiyo ni ya nikeli na kadimiamu, na kilichovuja ni alkali. Ikate leo hii, hata kama mashine utaitengeneza mwakani, maana inaendelea kula shaba. Sugua kwa siki na mswaki laini, suuza kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri za gari (si tindikali yake!), malizia na spiriti ya asilimia 99, kausha vizuri. Usije ukalehemu betri ya kidonge mahali pale pale. Mazabodi itajaribu kuichaji, na ile haichajiwi. Weka kishikio cha betri za AA tatu, upitishe kwenye dayodi, inayoruhusu umeme upande mmoja tu.

Flopi zenye madoa ni kuvu. Ukitia moja kwenye draivu, kichwa kinachafuka na flopi inayofuata inachunwa. Weka kando kwanza.

Kilindini_Bits

Nyongeza kutoka Mombasa. Kibodi ya PS/2 itafanya kazi kwa adapta ya lile tundu kubwa la DIN, umeme wake ni ule ule. Ya USB tupu haitafanya. Skrini tafuta ya VGA ya kawaida. Maandishi ya DOS hutoka 720x400 kwa hezi 70, na televisheni nyingi zakataa. Na ukichomoa plagi mbili za pawa saplai, P8 na P9, wakati wa kurudisha nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, mazabodi kwaheri.

MwlLushoto

Ahsanteni sana wakuu. Mzee Fundi, marahaba imefika. P4 nimepata shuleni. Diski imeonekana hapo hapo na ddrescue imeacha sekta chache tu. DBLSPACE haikuwepo. Orodha ya maneno imefunguka, herufi A mpaka Z, na baba ameshaanza kusahihisha.

Betri nimekata na kusafisha. Nimewasha 486 bila diski: inahesabu kumbukumbu vizuri, halafu inaandika "Keyboard error". Nimebadilisha kibodi, bado. Baba anasema WordPerfect ya kwenye LibreOffice "si yenyewe", anataka skrini yake ya bluu.

FundiMakorora

Mzee ana haki yake 😄 Chukua mita. Kwenye tundu la DIN, pini ya 4 ni negativu na ya 5 ni volti 5. Washa, pima hizo mbili. Kama hakuna volti 5, tafuta fyuzi ndogo jirani na tundu, mara nyingi imeandikwa F1. Kama volti 5 ipo, zima kabisa, kisha fuata njia za pini ya 1 na ya 2 mpaka kwenye chipu ya kibodi, ile ndefu ya miguu 40, ukisikiliza mlio wa mita. Palipokatika ni pale palipokuwa na kijani. Unga na waya mwembamba. Halafu tupia picha ya sehemu hiyo hapa, karibu kabisa, bila flashi ya kamera.