Tone la maji halitelezi kwenye silikoni iliyochongwa, nirekebishe nini?

Maabara_Malindi
Salamu wakuu. Nina wafa (kisahani chembamba) ya silikoni yenye uso wa aina ya (100), iliyochongwa kwa KOH (hidroksidi ya potasiamu) 2% na aisopropanoli 5%, nyuzi 80 za Selsiasi, nusu saa. Kwa hadubini piramidi zimejaa vizuri, mikroni 3 hadi 8. Baadaye imelowekwa kwenye OTS (sileni inayofanya uso ukatae maji) ndani ya tolueni. Tone linakaa mviringo, pembe ya mguso (kati ya ukingo wa tone na uso; ikiwa kubwa, uso unakataa maji zaidi) kama nyuzi 125, lakini hata wafa ikisimama wima linang'ang'ania. Kuna na chembe nyeupe juu yake.

Mkemia_Amu
Ndugu, 125 ndiyo kadiri ya piramidi peke yake. Mbavu zake zimeinama nyuzi 54.7, kwa hiyo eneo huongezeka mara 1.73. Silikoni laini yenye OTS hutoa 110 hivi. Kosaini yake ni -0.342, zidisha kwa 1.73 upate -0.59, yaani nyuzi 126. Maana yake maji yameshuka mabondeni na kushika kila ubavu. Ili tone litiririke, lazima likalie hewa. Likigusa silikoni sehemu moja tu katika kumi, hesabu inapanda hadi 159. Hapo unahitaji sindano za nano juu ya piramidi zako.

Kuzichonga, andaa HF (asidi ya hidrofloriki) 5 M (moli kwa lita) yenye AgNO3 (nitreti ya fedha) 0.02 M kwenye chombo cha polipropilini, kamwe si cha kioo. Dakika 3 hadi 5 kwa joto la chumba zinatosha; ukizidisha, piramidi zenyewe zitaliwa. Ondoa utando wa fedha kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 15. Suuza kwa maji safi, kisha kwa ethanoli kabla ya kukausha, kwani maji yakikauka huvuta sindano zikashikana vichwa.

Na tafadhali sana: HF hupenya ngozi na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Bila kabati la kunyonya mvuke, glavu zinazoihimili, jeli ya kalisiamu glukoneti 2.5% mezani na mtu wa pili chumbani, usiifungue.

Bi_Kemia_Shela
Chembe nyeupe ni OTS iliyojiunga yenyewe kwa yenyewe kabla haijafika kwenye wafa. Unyevu wa pwani ndio unaoifanya hivyo. Kausha tolueni kwa molekula sivu (punje zinazonyonya maji), fanya kazi chini ya nitrojeni, na myeyusho ukianza kuwa na ukungu umwage kwenye chupa ya taka.

Jambo lingine: ukitoka kwenye HF uso hauna vikundi vya OH (oksijeni na hidrojeni), na sileni haina pa kujifunga. Chemsha wafa kwenye HCl (asidi ya hidrokloriki), H2O2 (peroksidi ya hidrojeni) na maji (1:1:6), nyuzi 75, dakika 10. Dalili kwamba iko tayari ni maji kutandaa papo hapo. Ndipo uikaushe, uiloweke kwenye OTS 1 mM saa mbili, uisuuze kwa tolueni na kuioka nyuzi 110 nusu saa.

Maabara_Malindi
Ahsanteni sana. Je, itastahimili mvuke wa bahari?

Mkemia_Amu
Matone ya mvua ndiyo. Umande hapana: vitone vyake huzaliwa ndani kwa ndani, katikati ya sindano, vikafukuza hewa. Chumvi ikikaukia humo, tone linalofuata litanasa. Pima kwa pembe mbili, tone likiongezwa maji na likipunguzwa. Tofauti ikizidi nyuzi 10, uso umeshaanza kulowa hata kama tone bado ni mviringo.