Mji mdogo unajaa watu: nyumba zitangulie au maji na barabara vitangulie?

Wakuu naomba hili tulichambue kwa kina kidogo, maana kila likiibuka watu wanagawanyika makundi mawili halafu mjadala unafia hapo. Mji mdogo wa huko vijijini, watu elfu tatu au elfu tano hivi, mashamba kila upande, ghafla unaanza kujaa. Labda barabara kubwa imepita karibu, labda kumefunguliwa mgodi au chuo, labda mji mkubwa wa jirani kodi za nyumba zimepanda watu wanakimbilia nje. Mashamba yanakatwa viwanja, madalali wanazunguka, nyumba zinaota kila kona. Kundi la kwanza linasema acheni watu wajenge, mji bila watu haukui, maji na barabara vitakuja tu. Kundi la pili linasema mji umejaa, fungeni mlango.

Mimi naona makundi yote mawili yanabishania idadi ya watu wakati tatizo liko kwenye nini kinaanza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika: watu waje, tena wengi, lakini kibali cha kujenga kitegemee uwezo wa maji, maji taka, mitaro na barabara uliopo au ambao pesa yake ishapatikana. Na hata pesa ikikosekana kabisa, njia za barabara na mabomba zipimwe na zilindwe kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu anahitaji lita 50 mpaka 100 za maji kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie. Chukua wageni 1,000 tu, ukipiga kwa lita 100 hizo ni lita 100,000 kila siku inayoenda kwa Mungu. Kisima kimoja kilichochimbwa kwa ajili ya kijiji hakikuwazia hilo. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba wahandisi kwa kawaida wanakadiria kama asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani yanatoka tena yakiwa machafu. Kwa hiyo kuna lita 80,000 kila siku zinatafuta pa kwenda. Mji mdogo mara nyingi hauna bomba la maji taka hata moja, kila mtu na shimo lake au septiki yake, na zamani hiyo haikuwa shida kwa sababu nyumba zilikuwa mbalimbali, udongo ulikuwa unafanya kazi ya kuchuja.

Sasa kata hilo shamba viwanja vya mita 20 kwa 20. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni choo kikae angalau mita 30 kutoka kisima. Pima mwenyewe, kona hadi kona ya kiwanja hicho ni mita 28 na kidogo. Yaani ndani ya kiwanja chako mwenyewe huwezi kutimiza kanuni hata ukiweka choo kona hii na kisima kona ile kabisa, na hapo bado hatujamhesabu jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma ambao nao wana mashimo yao. Anayesema maji taka yatashughulikiwa baadaye ajue hiyo baadaye ishaanza siku ramani ya viwanja ilipochorwa.

Mvua nayo. Shamba linakunywa maji, bati na ua wa sakafu havinywi. Kalavati iliyowekwa wakati kule juu ni mahindi na majani inapokea maji mengi zaidi na kwa kasi zaidi baada ya mlima kujaa paa, kwa hiyo wanaofurika ni wenyeji wa bondeni ambao hawakujenga kitu chochote kipya. Hili linaniuma kweli, kwa sababu gharama inamwangukia mtu ambaye hakuuza kiwanja wala hakununua.

Kuna wanaosema tatizo linakuzwa, kwamba ongezeko la asilimia chache kwa mwaka mji unalimudu. Asilimia 7 kwa mwaka inasikika ndogo lakini inafanya mji uwe mara mbili ndani ya miaka kama kumi. Wakati mradi wa maji kuanzia kutafuta chanzo, usanifu, kutafuta pesa, mpaka mabomba kuingia ardhini unaweza kula miaka kadhaa, kwa hiyo ukipangia idadi ya watu walioko leo siku bomba linafunguliwa tayari mgao umeanza. Angalieni Williston kule North Dakota, Marekani, mji wa mafuta. Sensa ya 2010 ilikuta watu karibu 15,000, ya 2020 ikakuta zaidi ya 29,000. Katikati hapo wafanyakazi walilala kwenye kambi za muda na hata kwenye magari, na kodi za nyumba zikapanda zikafika kwenye kundi la juu kabisa nchini mwao, mji mdogo kabisa huo. Na hao ni nchi tajiri wenye pesa ya mafuta.

Nije kwa wale wa "vitafuata tu". Swali langu kwao ni moja, vitapita wapi? Barabara ya mita 15 kwenye shamba tupu ni kamba na vigingi. Barabara ileile baada ya nyumba arobaini kujengwa ni fidia, kesi, bomoabomoa, watu kulia kwenye redio, na mwisho wa siku wanaachia kichochoro ambacho gari la zimamoto halipiti na gari la kunyonya maji taka halipiti. Na kwa hili tuna ushahidi wa karibu kabisa. Tanzania miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilitekeleza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katika miji saba. Kuna maeneo yaliyopimwa kabla watu hawajaingia, Dar es Salaam ni Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na kuna maeneo ambayo watu walikuwa wameshajenga kiholela ndipo huduma zikaletwa juu yao, kama Manzese. Utafiti wa mchumi Guy Michaels na wenzake uliochapishwa 2021 ulilinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye na kukuta yaliyopimwa kwanza yana nyumba kubwa na bora zaidi na zimekaa kwa mpangilio, wakati yale yaliyoboreshwa baadaye hayakufika huko. Najua mtasema hiyo ni miji mikubwa, ni kweli, lakini nyakati zile maeneo hayo nayo yalikuwa pembezoni, na mji mdogo una faida kwamba shamba bado lipo, kamba bado inapita.

Nawageukia wa kufunga mlango sasa, maana nao sitaki kuwaachia. Mnajua mji wa Petaluma, California? Mwaka 1972 uliamua nyumba mpya zisizidi kama 500 kwa mwaka, wajenzi wakashtaki, mahakama ya rufaa 1975 ikaunga mkono mji. Kisheria walishinda. Lakini watu hawafutiki kwa kuwanyima kibali, wanaenda mji wa jirani, au wanajenga bila kibali nje kidogo ya mpaka, halafu bado wanatumia barabara yako, soko lako na shule yako bila kuchangia chochote. Na wenye nyumba tayari bei inawapandia wakiwa wamekaa, huku vijana waliozaliwa hapohapo ndio wanakosa pa kujenga. Kwa hiyo mlango ukifungwa unamfungia nani hasa? Mtoto wa mwenyeji asiye na shamba la kurithi ndiye wa kwanza.

Mfano unaonivutia zaidi ni Ramapo, New York. Mwaka 1969 walitunga sheria kwamba anayetaka kujenga mtaa wa nyumba lazima eneo lake lifikishe pointi 15, pointi zinahesabiwa kwa jinsi ulivyo karibu na bomba la maji taka, mfereji, barabara nzuri, kituo cha zimamoto, shule na viwanja vya wazi. Huna pointi, unasubiri mpaka mji ufikishe huduma kwa mujibu wa mpango wa miaka 18, au unajenga hizo huduma mwenyewe ukapata pointi zako mapema. Mahakama ya juu ya jimbo ikaukubali mfumo huo 1972. Hapo mtu hakataliwi, anaambiwa lini na kwa sharti gani. Naijua kasoro yake pia, walioipinga walisema ilikuwa njia ya kuwachuja watu wa kipato cha chini, na mji wenyewe ukaufuta mfumo huo 1983. Ndiyo maana nasema mpango wa miaka lazima mji nao uutengee bajeti, vinginevyo kungoja bomba kunageuka kungoja milele.

Florida walienda mbali zaidi, sheria ya 1985 ikataka huduma ziendane na ujenzi kwa jimbo zima. Kilichotokea kwenye barabara ni funzo kubwa kwa miji midogo. Mjini barabara zilikuwa zimejaa, kwa hiyo kibali kinagoma, shambani barabara zilikuwa tupu, kibali kinapita. Wajenzi wakakimbilia shambani, nyumba zikatawanyika vijijini, yaani sheria ya kuzuia fujo ikaisukuma fujo kule ambako hakuna kitu. 2011 wakalegeza, upande wa barabara, shule na bustani ukawa hiari ya kila eneo, ila maji ya kunywa, maji taka, taka ngumu na mitaro vikabaki lazima. Nadhani mgawanyo huo una akili. Foleni inakera lakini mtu anaishi nayo, kinyesi kwenye maji ya kunywa kinaua.

Na nisemapo kinaua simaanishi kutisha watu. Walkerton, Ontario, Kanada, mji wa watu kama 5,000, Mei 2000 mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe kwenye kisima kifupi cha mji, klorini haikuwa inawekwa inavyotakiwa na waendeshaji hawakuwa na mafunzo ya kutosha, watu 7 wakafa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Pale tatizo halikuwa wageni. Naileta kwa sababu tunapozungumzia miundombinu tunawaza saruji na mabomba tu, wakati mji mdogo mara nyingi una fundi maji mmoja au wawili wanaofanya kila kitu, ukiongeza watu mara mbili na fundi ni yuleyule, bomba jipya halikusaidii.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, kwamba tukitanguliza miundombinu tunaweza kujenga mabomba na taa halafu watu wasije. Hilo lipo. Ireland baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008 ilibaki na mitaa ya nyumba ambayo haijakamilika, ukaguzi wa 2010 ulihesabu zaidi ya 2,800 nchi nzima, na kaunti za vijijini kama Leitrim na Longford ziliumia sana kwa sababu kulikuwa na punguzo la kodi lililowavuta watu kujenga huko bila kuangalia nani atakaa. Lakini tazameni kilichotangulia pale, ni nyumba. Familia chache zilizohamia zikajikuta kwenye mitaa isiyo na lami, taa haziwaki, mfumo wa maji taka haujaisha na mjenzi kafilisika. Ndiyo sababu sisemi jenga kila kitu mapema. Kupima na kutenga njia ni rahisi hata watu wasipokuja, shamba linaendelea kulimwa. Mtambo wa maji unaweza kujengwa kwa awamu, tenki moja leo na eneo la tenki la pili likiwa limeachwa wazi. Na mjenzi wa mtaa mzima aweke dhamana ya pesa kabla ya kuanza, akikimbia mji unamalizia.

Nani alipe, hapa ndipo najua tutagombana. Wengi wanasema mgeni alipe kupitia ada kwenye kibali. Sehemu ni haki, Uingereza kwa mfano sheria yao ya mipango ya 1990, kifungu cha 106, inaruhusu mamlaka kukubaliana na mjenzi achangie shule au barabara au nyumba za bei nafuu. Ila tumsahau aliyevuna zaidi? Shamba likibadilishwa matumizi kuwa viwanja thamani yake inaruka kwa sababu ya uamuzi wa umma na barabara ya umma, mwenye shamba hajaongeza hata tofali. Kwangu mimi hapo ndipo sehemu kubwa itoke, kwenye ile tofauti, na ninasema hivyo nikijua wenye mashamba wengi ni wenyeji wa kawaida na si matajiri. Wanaweza kuchangia kwa ardhi badala ya pesa, anatoa sehemu ya shamba kwa ajili ya barabara, shule na mitaro, inayobaki inakuwa na thamani kubwa kuliko shamba zima lilivyokuwa. Japani wanafanya hivyo kwa mfumo wao wa kupanga upya ardhi na maeneo makubwa ya miji yao yamejengwa kwa njia hiyo.

Umoja wa Mataifa wanasema karibu nusu ya wakazi wote wa mijini duniani wanaishi kwenye miji yenye watu chini ya 500,000, lakini pesa na wataalamu wa mipango miji wamejazana kwenye majiji. Mji wa watu elfu tano unaweza kukosa hata afisa mipango wake mwenyewe, ramani inachorwa na dalali.

Basi waje wale wa "acheni wajenge", wanijibu hili bila kuzunguka: mtaa ukishajaa bila njia ya bomba, nyumba ya nani itavunjwa na nani atamlipa? Na wale wa "mji umejaa" nao waseme kijana wa mji huohuo anayeoa mwaka ujao akajenge wapi.